Mguu wa Farasi, Siku za Msiba

Farasi akivunjika mguu, ndiyo basi. Ninaanza na hilo kwa sababu watu wa huku kwetu hawalijui, na kila ninapolisema wananitazama kama mtu anayetia chumvi. Mbuzi akivunjika unamfunga vijiti, anachechemea, anapona. Ng'ombe akivunjika unamchinja, mnakula, mnasifia mafuta yake. Farasi hawezi kulala chini siku nyingi, na hawezi kusimama kwa miguu mitatu. Uzito wake mwenyewe unamwua. Niliyaona hayo nikiwa saisi, yaani mtunza farasi wa watu, nikayaona tena malishoni kwangu, siku ambazo mke wangu ndiyo kwanza alikuwa amezikwa.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, baba akasema inatosha, na wala sikulia, maana shule ilikuwa mbali na fimbo zake zilikuwa karibu. Nilichonacho nimekipata kwa mikono hii: shamba, nyumba ya bati, na miti ya mbao kule Mufindi iliyowasomesha watoto mpaka wakaanza kunirekebisha ninavyosema. Sijali. Wao wanajua kuandika "farasi", mimi najua kumvika hatamu.

Usaisi niliufanya upande wa Mbeya, kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja. Nilianza kwa kuzoa mavi. Nikaishia kuwa mtu ambaye mzungu mwenyewe alimuuliza kwanza kabla ya kupanda: leo huyu yukoje? Alipozeeka na kuamua kwenda kwao, farasi wengine waliuzwa, mmoja akaniachia mimi. Jike, rangi ya kahawia, paji jeupe, na mimba tumboni. Nilimpandisha lori, nikaja naye mpaka Iringa nimesimama pembeni yake njia nzima nikimshika shingo. Pale Makambako watu walizunguka lori kama kuna mnada. Yule mtoto wake akazaliwa kwangu, dume, nikamhasi alipokua. Wakawa wawili, na wawili ndio idadi, kwa sababu farasi hakai peke yake.

Huko huko Mbeya ndiko nilikompata mke. Alikuwa Mnyakyusa, kwao Tukuyu, akileta ndizi na maziwa getini pa shamba. Alikuwa anawaogopa farasi. Akisikia kwato alikuwa anapanda ukingo wa barabara na beseni lake kichwani, anasubiri wapite, kisha anashuka akijifanya alikuwa anapumzika. Nilipomwambia tunahamia kwetu Iringa na yule jike anakuja nasi, akasema, "Basi nimeolewa ukewenza."

Shamba letu liko upande wa Tosamaganga. Mvua isipokuwepo unaona mapaa ya misheni. Udongo ni mwekundu, laini, mzuri kwa mahindi na mzuri zaidi kwa fuko. Anayelima anamjua fuko: mnyama mdogo wa kushikika kwa mkono mmoja, macho hayana kazi, meno yako nje ya mdomo, maisha yake yote ni kuchimba. Mkulima anamchukia kwa sababu ya viazi. Mwenye farasi anamchukia kwa sababu nyingine. Njia za fuko zinapita chini kidogo tu ya majani. Juu huoni kitu, unaona kichuguu cha udongo hapa, kingine pale. Mvua ikinyesha udongo unalegea, kwato inakanyaga, ardhi inashuka na mguu unaingia mpaka karibu na goti. Kama farasi anatembea, pengine atautoa. Kama anakimbia, mwili unaendelea kwenda na mguu unabaki.

Muhanga naye huwa anapita akitafuta mchwa, lakini huyo shimo lake mtu mzima anaweza kuingia, na farasi si mjinga, analiona. Nungunungu vilevile. Ninayemwogopa mimi ni fuko.

Jirani yangu ni Msukuma. Alikuja na ng'ombe wake kutoka Usangu, walikokuwa wamehamia wazazi wake, na tangu afike anatucheka. Siku ya kwanza kumwona yule jike alizunguka, akamtazama mbele na nyuma, akasema, "Mzee, huyu ni punda aliyekwenda shule."

"Na ng'ombe wako hawakwenda," nikamwambia, "ndiyo maana wanaingia kwenye mahindi ya watu."

"Ng'ombe wangu hawaanguki kwenye mashimo."

Hapo alikuwa na haki. Ng'ombe anatazama anapokanyaga. Farasi anatazama anakokwenda. Ndivyo alivyoumbwa, na mtu anayemfuga inabidi awe macho ya miguu yake.

Kwa hiyo kila asubuhi, farasi wakiwa bado bandani, mimi na mke wangu tulikuwa tunatembea malisho yote. Yeye nusu ya juu, mimi nusu ya chini, kila mtu na jembe lake na ndoo ya mawe madogo. Hakuna aliyempangia. Mwanzoni alikuja kuniletea uji, akaona ninavyohangaika, akauliza nitamaliza saa ngapi, akachukua jembe. Uoga wa farasi hakuuacha kabisa, lakini mashimo aliyakamata kama adui yake binafsi. Kuliko mimi. Mimi nikiona kichuguu nakanyaga kujaribu. Yeye alikuwa anapiga magoti na kuingiza mkono.

Kuziba nako kuna namna yake. Ukimwaga udongo juu umejidanganya, umemfunikia farasi mtego. Unachimba mpaka uione njia yenyewe, unaifuata hatua mbili tatu kila upande, unajaza mawe, udongo, unashindilia kwa mpini, udongo tena, unashindilia, halafu unarudisha pande la majani juu. Na unamtega mwenyewe. Mtego wa fuko kila mtoto wa Kihehe anaujua: fito inayopinda, kitanzi, njia unaiacha wazi. Fuko hapendi upepo uingie kwake, anakuja kuziba, kitanzi kinamkamata. Viazi vitamu tuliacha kulima karibu na malisho, maana viazi ni kumwalika. Na kwenye mkaratusi wa mpakani alikuwepo bundi, nikakataza asifukuzwe, kwa sababu bundi anakula panya na fuko anayetokeza juu. Hilo la bundi lilinigombanisha na ukoo mzima. Dada yangu mkubwa, ambaye amefiwa na mumewe na anakaa kwenye kiwanja changu, alisema mtu mwenye akili hafugi bundi. Nilimjibu simfugi, nimemwajiri.

Mke wangu alikufa masika. Kifua kilimbana, tukadhani ni baridi kama ya miaka yote, na asubuhi moja mvua ikinyesha hakuamka. Siwezi kusema zaidi ya hapo. Niseme tu kwamba jembe lake lilikuwa limeegemea ukuta wa nje na udongo wa jana yake ulikuwa bado mbichi juu yake.

Watu walijaa. Binti yangu anayekaa mjini, Mlandege, alikuja na masufuria makubwa ya kukodi na wanawake wa jumuiya yake. Kutoka Mbeya walikuja ndugu za marehemu, basi zima, wakishuka barabarani wakilia kwa sauti zile za kwao ambazo zinafika kabla ya watu wenyewe. Mvua haikuacha. Turubai likafungwa kwenye zizi dogo la farasi karibu na nyumba, maana ndiko penye ardhi ngumu, na jiko la msiba likawekwa hapo hapo. Waliotoka mbali hawakuwa na pa kulala. Banda la farasi lina paa zuri na sakafu ya mbao. Nikalifagia mwenyewe, tukatandika majani makavu na mikeka, wanaume wa Mbeya wakalala humo.

Farasi wakatoka kwenda malishoni, mchana na usiku. Hapakuwa na pengine. Msukuma alisema nimfunge jike kamba kwenye mti. Nilishamfunga zamani, akajizungusha, kamba ikamchuna mguu mpaka nyama. Farasi wa kufunga kamba ni yule unayemkalia karibu, na mimi nilikuwa mfiwa, nimekalishwa kwenye mkeka, kila anayekuja ananishika mkono.

Asubuhi baada ya mazishi niliinuka nikachukua jembe. Dada yangu alikuwa kibarazani anamenya viazi mviringo.

"Unakwenda wapi na hilo?"

"Malishoni."

"Kufanya nini?"

"Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Kwetu, kwenye ukoo wetu, msiba ukiingia jembe linalala. Ardhi inafunguliwa mara moja, kwa ajili ya kaburi, na baada ya hapo haiguswi mpaka matanga yaanuliwe. Hakuna kulima, hakuna kupalilia, hakuna hata kuchimba shimo la takataka. Nimelikuta hilo, baba yangu alilikuta, na mimi mwenyewe nimewahi kuwakemea vijana waliotaka kwenda kupalilia mahindi wakati baba yao mdogo hajaanuliwa tanga. Nililijua vizuri kuliko yeye.

"Sifungui ardhi," nikamwambia. "Nafukia."

"Rudisha jembe, mdogo wangu. Mwenzio hajalala vizuri kule chini, wewe unataka kubisha hodi tena. Unamwita nani mwingine?"

Wazee waliokuwa kwenye moto wakageuka. Mmoja wao, ambaye kiukoo ni baba yangu mdogo ingawa nimemzidi umri, akasema, "Jembe ni jembe. Likigusa udongo, limegusa."

"Farasi hajui kama kuna msiba, dada."

"Atajua. Sisi wote tumejulishwa."

Akaendelea kumenya. Kisha akasema bila kuniangalia, "Na yule bundi wako nimemsikia wiki nzima kabla." Kuna maneno mtu anayasema msibani kwa sababu yamemjaa, na ukimjibu umeyapa mguu wa kusimamia.

Nililirudisha jembe. Lakini sikurudi mkekani. Kwenye stoo nilikuwa na fito za miti ya miwati, zilizobaki nilipobadilisha uzio, kavu kabisa, zimekaa chini ya paa tangu kiangazi. Nikasema sawa, hamtaki jembe, sishiki jembe. Nitachomeka miti. Kuchomeka si kuchimba. Msukuma alinisaidia kubeba. Tulitembea malisho yote kwenye manyunyu, nusu ya juu na nusu ya chini, na kila penye kichuguu kipya au panapobonyea tukachomeka fito na kulaza matawi makavu kuizunguka, mpaka panakuwa kama kiota cha korongo. Farasi anaheshimu kitu kilichosimama. Anakizunguka. Tulipomaliza, malisho yalionekana kama shamba la mtu aliyepanda miti mikavu.

Yule jike alikuja akanusa fito moja, akapumua juu yake, akaondoka akiizunguka. Nikaona sawa.

"Anasoma alama," Msukuma akasema.

"Si ulisema alikwenda shule?"

Hiyo ndiyo mara pekee niliyocheka wiki ile, na nilicheka kwa sauti ya chini maana nilikuwa mfiwa.

Siku zikaenda. Msiba wetu unapitishwa kwa kula na kuimba na kukaa. Asubuhi nilikuwa nawahi malishoni kabla ya chai, natazama fito, kama kuna kichuguu kipya naongeza nyingine, narudi kupokea mikono ya watu. Farasi walikuwa wazima. Nilianza kuamini kwamba tutafika kwenye kuanua matanga na miguu yote minane.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kuni. Nani anafikiria kuni wakati wa msiba? Kuni za msiba ni za kila mtu. Mwanamke yeyote anayekwenda msibani haendi mikono mitupu, na akifika akaona moto unafifia haulizi, anaingia porini au shambani, anaokota kilichokauka, analeta. Hakuna anayeomba ruhusa, na ukimwona mtu anaomba ruhusa ya kuni za msiba utamshangaa. Sasa mvua ilikuwa imelowesha kila kitu. Kuni za mkaratusi zilikuwa zinatoa moshi tu, wapishi wamevimba macho, watu hawajui kama wanamlilia marehemu au wanalilia moshi. Na kule juu, wazi kabisa, mbele ya macho ya kila anayekwenda kisimani, kuna fito kavu za miwati zimesimama. Mti wa muwati unawaka hata ukiwa na unyevu. Kila mtu wa nyanda hizi anajua.

Asubuhi hiyo nilichelewa. Wazee walikuwa wananiambia habari za kugawa nguo za marehemu, na huwezi kuondoka wazee wakiongea hayo. Uji uliletwa, wa moto sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, na mtu mmoja akasema leo jikoni wamepata kuni. Nikanywa.

Halafu nikamsikia dume. Farasi analia kwa namna nyingi na mimi nazijua zote. Ile haikuwa ya njaa. Niliweka bakuli chini, nikaenda. Sikukimbia, mtu wa umri wangu akikimbia msibani watu wote wanamfuata.

Malisho yalikuwa meupe kama kichwa kilichonyolewa. Hakuna fito, hakuna tawi. Hata yale matawi madogo yalikuwa yameokotwa vizuri, kwa usafi, kama wanawake wanavyookota. Jike alikuwa amesimama kwenye nusu ya juu, kichwa chini, anatetemeka mabega. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa unaning'inia chini ya goti na kwato inaelekea kusikokuwa kwake. Nyuma yake palikuwa na shimo, udongo wake mbichi, na alama ndefu ya mtelezo. Dume alikuwa anamzunguka.

Nilimfikia, nikamshika paji. Aliweka uzito wa kichwa chake begani kwangu, wote. Nikabaki nimesimama hivyo. Sikuwa na la kufanya, na mimi ni mtu ambaye maisha yake yote amekuwa na la kufanya.

Msukuma ndiye aliyekwenda kumwita bwana mifugo. Alikuja na pikipiki, matope mpaka shingoni, akainama akaupapasa mguu, akainuka. Alikuwa mtu mpole.

"Mzee wangu, sijui nikwambieje."

"Usiniambie. Nimeshaona kabla yako. Una dawa?"

"Ninayo. Ila ukitumia hii, nyama hailiwi. Hata mbwa asiguse. Inabidi afukiwe leo leo, na afukiwe chini sana."

Nikamwambia afanye. Nilimshika jike kichwa na kumzungumzisha, Kihehe kwanza, halafu maneno mawili matatu ya Kinyakyusa ambayo mke wangu alikuwa anamwambia akiwa mbali naye. Aliporomoka upande, taratibu, kama mtu aliyechoka akijilaza.

Nilipogeuka, watu wa msiba walikuwa wamejipanga kwenye uzio. Shemeji yangu mdogo, mdogo wake marehemu wa mwisho, aliyekuja kutoka Mbeya na hajawahi kukanyaga kwetu kabla, alikuwa mbele ya wanawake. Alitazama farasi, akatazama malisho, na nikaona akili yake inafika.

"Shemeji," akasema. "Zile fito."

Mimi sijui kuzunguka. "Ndizo," nikamwambia.

Aliketi chini pale pale kwenye majani yaliyolowa, na kanga yake nzuri ya msiba. Hakulia. Alishika viganja vyake akavitazama, vilikuwa bado na masizi. Alikuwa ameamka kabla ya wote ili wenzake wasipikie moshi. Kumfanyia dada yake jambo.

Dada yangu ndiye aliyekuja akamwinua. Alimshika kwapani, akamfuta matope, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wanaume, "Uji ule tulikunywa wote. Asiwepo mtu wa kumwangalia vibaya huyu binti." Akanitazama mimi. "Na wewe ulikunywa." Nilikuwa nimekunywa, na ulikuwa mtamu.

Kilichobaki ni maiti ya farasi juu ya ardhi isiyoruhusiwa kufunguliwa.

Tulikaa chini ya turubai. Bwana mifugo alieleza mara moja, akaeleza tena, kwamba hawezi kuondoka pale farasi akiwa juu ya ardhi na mbwa wa kijiji kizima wananusa upepo. Baba mdogo alisema matanga bado. Mwingine akasema kaburi la pili likichimbwa kabla ya matanga, mnajua wenyewe linataka nini. Mmoja akatoa wazo tumvute mpaka bondeni fisi wamalize. Niliinuka, akajirudi mwenyewe.

Hapo ndipo kaka yake marehemu aliposimama. Mzee mrefu, mlezi wao tangu baba yao alipofariki, anaongea Kiswahili kwa kukivuta kama watu wa Tukuyu.

"Wenyeji wetu, mimi hapa ni mgeni. Kwetu msiba tunauchezea ngoma, nyie mnaulaza jembe. Kila mtu na kwao. Lakini ninyi mnasema hii ni maiti ya pili. Mimi nasema hapana. Dada yangu alikuwa ananipigia simu kila Jumapili. Nikimuuliza watoto, anasema wazima. Nikimuuliza shemeji, anasema yupo. Halafu anaanza kunieleza mashimo. Leo nimeziba huku, jana nimeziba kule, kuna fuko mmoja ananishinda. Mpaka mke wangu akawa anauliza, wifi amepata kazi ya barabara?" Watu wakaguna, wengine wakacheka kidogo. "Kwa hiyo huyu farasi ni wa msiba huu huu. Alikuwa mikononi mwake. Ardhi ilifunguliwa kwa ajili ya dada yangu na bado haijafungwa, matanga si bado? Basi bado iko wazi. Nipeni jembe. Kama itadai mtu, idai kwangu, nitaipeleka Tukuyu ikadaiane na mvua ya kule."

Baba mdogo alichora chora chini kwa fimbo yake. Nikamtazama dada yangu, kwa sababu mwisho wa yote ukoo wetu unamsikiliza yeye, na wanaume tunajifanya tumeamua.

Akasema, "Pale alipoangukia, chini kidogo tu ni mwamba. Mtachimba mpaka kesho. Mvuteni mpaka kwenye mteremko wa pembeni, fuko wamekwisha palainisha."

Wanaume wa Mbeya ndio waliochimba, na Msukuma, na vijana wetu wakaingia baadaye bila kuitwa. Mimi sikuruhusiwa kushika. Nilisimama na dume, nimemshika hatamu, kwa sababu walisema asione, na mimi nikasema aone, asipoona atamtafuta. Aliona. Alinusa udongo walipomaliza. Akamtafuta vilevile.

Matanga yakaanuliwa, watu wakaenda. Shemeji mdogo aliniaga kwa kupiga magoti, akashindwa kusema, na mimi nikashindwa kumsaidia. Nilipaswa kusema kitu. Nilimpa mkono tu. Tangu hapo anatuma salamu kupitia kwa kaka yake, hapigi yeye.

Dume nilibaki naye. Asubuhi ya kwanza niliyoruhusiwa jembe, nilitembea nusu ya chini kama kawaida, nikapanda nusu ya juu. Kule ni mteremko. Goti langu la kushoto lilisema lake. Nilimaliza jua likiwa utosini, na dume bado bandani anapiga mlango kwa kwato. Kesho yake hivyo hivyo. Na tatizo halikuwa goti. Mimi nusu ya juu siijui. Miaka yote ile ilikuwa yake, alijua fuko gani anatokea wapi, anazungukia wapi, na hakuwahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kuuliza, na hapakuwa na haja. Kila nilipoziba palikuwa na pengine. Nikawa namfungulia dume, nakaa uziani namtazama mpaka anachoka kutazamwa. Hakukimbia sana, maana hakuwa na wa kukimbia naye. Jioni alikuwa anasimama kwenye ule mteremko alikofukiwa mama yake.

Dada yangu alikuja akasimama pembeni yangu. "Utaniambia nini nikikukuta umeanguka kule juu?"

"Mimi sitakuambia kitu, wewe ndiye utakayewaambia wazee."

"Mdogo wangu. Mtoe huyu, akae na wenzake."

Alisema hivyo polepole, mwanamke ambaye alikuwa anamwita farasi yule mzigo wa mzungu. Nikajua naye ameona.

Alipatikana mtu kule Mbozi mwenye farasi wachache, kijana wa makamo, shamba lake kubwa, tambarare. Alikuja na lori. Dume hakutaka kupanda. Niliingia mimi kwanza, nikasimama ndani mpaka akanifuata, halafu nikashuka na wakafunga mlango. Yule mtu aliniuliza kama ana tabia mbaya yoyote, kama anauma au anapiga teke. Nikamwambia hana. Nikamwambia anapenda kushikwa nyuma ya masikio. Kisha nikamshika yeye mkono nikamwambia, asubuhi, kabla hujamfungulia, tembea kwanza wewe. Malisho yote. Usitume mtu.

"Sawa, mzee," akasema, huku anawasha gari.